Jiwe Kwanza, Mchanga Baadaye

Mara ya kwanza kumwona Mwalimu akiwa na samaki wake nilidhani amerukwa na akili. Mama alikuwa amenituma nimpelekee michembe, viazi vitamu vya kukausha. Nilipiga hodi mlangoni, sikujibiwa, nikachungulia. Alikuwa amesimama juu ya stuli sebuleni, mikono imezama hadi mabegani ndani ya tangi la kioo refu kuliko kitanda changu, anasukuma rundo la mawe. Hakuwa anayapanga. Alikuwa anayasukuma kwa nguvu zake zote, uso ameukunja, kama mtu anayesukuma gari lililokwama kwenye tope. Mawe mengine yalikuwa makubwa kama kichwa cha ng'ombe.

"Mwalimu! Utavunja!"

Hakugeuka. Alisukuma kutoka kulia, akasukuma kutoka kushoto, kisha akakandamiza juu kwa kiganja. Hakuna kilichotikisika. Ndipo akashuka, akajifuta kwa khanga, akanitazama.

"Shikamoo huijui?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Bora nilivunje mimi sasa hivi, nimevaa ndala na ndoo ziko karibu, kuliko livunjwe na samaki nikiwa kanisani."

Nilitazama samaki wenyewe. Mkubwa kuliko wote alikuwa na urefu wa kidole cha kati.

"Huyu ndiye atakayevunja?"

"Keti," akasema. "Usiguse kioo."

Nilikaa, na kwa miaka iliyofuata niliendelea kukaa kwenye kiti kile kile. Sikuwahi kutoka nyumbani kwake bila kitu kipya cha kunishtua.

Ibadakuli yote, mtaa wetu kando ya uwanja wa ndege, ilimwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha jiografia hadi akastaafu, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwemo mama yangu, ambaye hadi leo akimwona huficha mikono nyuma kama ana kucha chafu. Sijui alizaliwa wapi. Ni ajabu, maana nilimuuliza karibu kila kitu kingine. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuo kikuu na shahada ya takwimu isiyokuwa na kazi, na nilikuwa na ugonjwa wa kutokubali jambo lolote mpaka nione ushahidi wake. Mama aliuita kiburi. Mwalimu alinipa jina la Kwanini, na hakuniita tena kwa jina langu.

Samaki wake walikuwa furu. Watu wa ziwani wanawajua: vile visamaki vidogo ambavyo zamani vilijaa kwenye nyavu, vikachanganywa na dagaa na kuanikwa, na hakuna aliyehangaika kuvipa majina kimoja kimoja. Hawa wa Mwalimu aliletewa na ndugu yake kutoka mwalo mmoja wa upande wa Geita, kwenye ndoo. Madume yalikuwa na wekundu mgongoni kama kutu ya bati, na majike yalikuwa na rangi ya maji ya chai. Mwalimu aliamini kwamba aina ile haipo tena ziwani. Alituma watu wamtafutie, akaenda mwenyewe, akasimama mwaloni mitumbwi inapoingia, akachambua samaki wa watu mpaka wenye samaki wakakasirika. Hakuona hata mmoja.

"Umehesabu ziwa zima?" nilimuuliza.

"Nimesema sijaona."

"Kutoona si kutokuwepo, Mwalimu."

Aliurudia msemo wangu polepole kama anaonja mchuzi. "Kutoona si kutokuwepo. Vizuri. Huo nitauweka." Na kweli aliuweka. Kila nilipomtilia shaka Mungu, serikali ya mtaa au dawa ya kikohozi, alinirudishia.

Jike la furu hutamia mayai mdomoni. Hilo lilinishtua kwa namna ya kupendeza. Nilimwona mama aliyevimba taya, hali chochote kwa siku nyingi, kisha akafungua kinywa na wingu la watoto likatoka, na kivuli changu kilipopita kwenye kioo wote wakarudi ndani. Lakini aliyemnyima Mwalimu usingizi ni dume. Dume la furu likitaka jike huchimba. Hubeba mchanga kwa mdomo, funda moja moja, hulitema kando, hurudi. Halichoki wala halipumziki. Na sehemu linayoipenda kuliko zote ni chini ya jiwe kubwa.

"Unaona?" Mwalimu alinionyesha kwa kijiti. "Ameshafungua duara."

Kwetu huku hakuna mtu asiyejua duara. Ni shimo la wachimbaji wadogo, lile linaloshuka wima kutafuta mwamba wenye dhahabu. Nusu ya vijana niliosoma nao shule ya msingi wamewahi kushuka kwenye duara, na kaka yangu Shija alikuwa bado anashuka.

"Sasa jiwe lingekuwa limekaa juu ya mchanga," Mwalimu akaendelea, "huyu bwana angekuwa anajichimbia kaburi. Angeondoa mchanga upande mmoja, jiwe lingelala, lingempiga yeye, au lingepiga kioo. Ukisikia kishindo ujue umechelewa. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo usiweke mchanga."

"Bila mchanga haoi. Fikiri, Kwanini."

Alinifikirisha mpaka nikatoka jasho, kisha akanipa jibu ambalo nilikuja kulisikia kwake mara nyingi kuliko Baba Yetu: jiwe kwanza, mchanga baadaye. Jiwe la chini linakaa kwenye sakafu ya tangi lenyewe, juu ya kipande cha plastiki ngumu alichokata kwenye kreti ili lisikwaruze kioo. Likishakaa, ndipo unamwaga mchanga kulizunguka. Dume achimbe atakavyo. Atafika chini akute mguu wa jiwe umeshakanyaga mahali pasipochimbika.

Alikuwa na taratibu nyingine. Mawe makubwa na mapana yakae chini, madogo juu. Jiwe lisiegemee kioo kamwe. Kati yake na kioo kiganja kipite, samaki nao wapite. Jiwe halidondoshwi majini, linashushwa kwa mikono miwili kama mtoto anayewekwa kwenye beseni. Lenye ncha kali linasuguliwa au linaachwa. Pale ambapo mawe mawili hayakupatana aliyagandisha kwa gundi nyeupe ya mafundi wa vioo. Na kila jiwe lilipaswa kugusa yaliyo chini yake mahali patatu.

"Kwa nini patatu?"

"Mafiga ya mama yako ni mangapi?"

"Anapikia gesi, Mwalimu."

"Ya bibi yako, basi. Figa la nne ni ubishi. Linaleta kuyumba."

Mwisho wa yote, kusukuma. Rundo ambalo hujalisukuma, alisema, bado hujalipanga. Aliyasukuma mawe yake kila Jumamosi, na kila ndege ilipotua uwanjani na maji yakatetemeka kidogo, aliacha alichokuwa anafanya akaenda kuweka kiganja.

Majirani walikuwa na maoni yao. Tangi kubwa, mawe makubwa, mama mstaafu anayeishi peke yake anayalinda kama mwali: ni nini kama si dhahabu? Baba Kulwa wa nyumba ya tatu aliamini hivyo, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema, aliamua kumsaidia. Shemeji yake alikuwa na karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na kila akitoka huko alileta jiwe linalometameta.

"Mayu, hili lina kitu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Ndiyo maana silitaki, Baba Kulwa."

"Tazama linavyong'aa!"

"Kinachong'aa hapo kitaoza majini, maji yageuke siki. Nipe jiwe jinga. Lile ambalo hata ng'ombe hajikuni nalo."

Baba Kulwa alicheka na kurudi nalo, na wiki iliyofuata akaleta jingine. Nadhani nchi nzima hakuna mahali pengine ambapo mtu anaweza kukosea hivyo. Sisi jiwe likimeta tunaliona ni zawadi. Mwalimu mwenyewe aliyachukua yake kwenye majabali ya kijivu nyuma ya shamba la kanisa, mawe yasiyo na chochote.

Siku moja Baba Kulwa alikuja na kiroba cha mchanga. Ulikuwa laini kama unga, mweupe. Nilikuwepo. Mwalimu aliuchota, akauchezea kwenye kiganja, akauliza umetoka wapi.

"Kule kule kwa shemeji. Ni marudio, wameshaosha, hayana kazi tena."

Sikuwahi kumsikia Mwalimu akipaza sauti. Siku ile alipaza hadi kuku wakakimbia. Marudio ni mchanga uliobaki baada ya dhahabu kunaswa kwa zebaki, na zebaki haiishi kwa kuoshwa. Alimtuma Baba Kulwa arudishe kiroba chote, akaosha mikono kwa sabuni mpaka viganja vikawa vyekundu, akamwamuru naye aoshe, na watoto wake waoshe. "Watu wanaleta kifo kwenye kiroba," alisema, "halafu wanasema wabeja, asante, karibu."

Nilirudi nyumbani nikimheshimu kupita kiasi. Nalitaja hilo kwa sababu ya yaliyofuata.

Alikuwa pia mtu wa kupingana na nafsi yake, na sikuchelewa kuona. Kila siku misa, lakini akitoka nje ya kanisa anabishana na katekista kuhusu Nuhu: furu walihitaji safina ya nini, wakati maji ni kwao? Umeme ulipokatika na pampu ya hewa ikazimika, alikaa kando ya tangi akichota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa, na huku anasali rozari. Kila Salamu Maria, jagi moja.

"Kinachowaokoa ni hewa au ni sala?" nilimuuliza.

"Wewe ondoa kimoja, uone."

Aliwapenda samaki, na aliwala. Sangara hasa, kwa ugali wa mtama, akinyonya mifupa. "Huyu ndiye aliyewamaliza wenzao," alisema, "namla kwa kisasi." Na mtu huyu ambaye hakuwa radhi kuweka jiwe juu ya mchanga alipanda bodaboda bila kofia ngumu, ameketi upande, mkono mmoja umeshika mkoba na mwingine unampungia mtu. Nilipomkemea alisema kofia inamharibia kitambaa. Nilicheka. Nilidhani hizo ndizo pande zake mbili, basi.

Kisha Shija akaja nyumbani kupumzika.

Kaka yangu anapenda kusimulia akila, na mama anapenda kumlisha ili asimulie. Alituambia duara wanalofanyia kazi, porini upande wa Bugarama, limekuwa refu, chini kuna joto kama tanuri, na mvua za mwaka huu zimewaletea maji. Kuta zinashikiliwa na matimba, magogo ya mkaratusi yanayopangwa kuzunguka shimo. Safari hii, alisema huku anacheka, walikuwa na haraka, wakayasimamisha ya chini juu ya kifusi.

Niliacha kutafuna. "Juu ya kifusi?"

"Kwani yasimame juu ya nini? Mwamba wenyewe uko pembeni, inabidi uchonge kwanza. Msimamizi akasema twende tu, tutarekebisha."

"Na nyie mnachimba chini hapo hapo."

"Dada, dhahabu iko chini. Ungetaka tuchimbe juu?"

Mama alicheka. Mimi nilikuwa namwona dume la furu, funda moja moja, analitema kando, anarudi.

"Duara la nani hilo?"

Shija alinitazama kama nimeuliza jua linachomoza wapi. "La Mwalimu. We hukujua?"

Nilimgeukia mama. Alikuwa anakusanya sahani.

"Alipopata kiinua mgongo chake," mama alisema. "Wengine walinunua bajaji. Yeye akafungua duara. Na ndiye aliyempa kaka yako kazi, kwa hiyo usianze maswali yako."

Sijui nilifikaje kwake. Nakumbuka nilikuwa na ndala za Shija miguuni, kubwa, moja iligeuka njiani. Mwalimu alikuwa juu ya stuli. Ilikuwa Jumamosi. Alikuwa anasukuma mawe.

"Shikamoo."

"Marahaba, Kwanini. Nipe taulo hilo."

Sikumpa. "Mwalimu, una duara?"

Mikono yake iliendelea kubaki majini. "Ninalo."

"Matimba yake yamesimama juu ya nini?"

"Kuna msimamizi kule. Mimi mambo ya chini siyajui."

"Unajua mambo ya mawe."

"Haya." Alitoa mkono mmoja, ukidondosha maji, akaonyesha tangi. "Haya ninayaona. Hapa kuna kioo. Kule ni giza, nitaona nini?"

"Umewahi kwenda?"

Aliurudisha mkono majini, akalisukuma jiwe la juu.

"Mwalimu, tangu lifunguliwe, umewahi kwenda?"

"Nilikwenda siku ya kwanza. Padri alibariki."

"Shija yuko chini ya magogo yaliyosimama kwenye kifusi. Anakichimba kifusi hicho hicho. Wewe unajua kinachofuata kuliko mtu yeyote Shinyanga hii."

Alishuka kwenye stuli. Nilimwona mzee kwa mara ya kwanza; goti lilimgomea, akashika ukingo wa tangi, yule aliyetukataza kugusa kioo.

"Sijasikia tatizo lolote," alisema. "Msimamizi ananipigia simu kila mwisho wa wiki. Sijaona..."

Akakatisha. Nilijua sentensi iliyokuwa inakuja na yeye alijua. Sikuisema. Niliweka taulo kwenye kiti nikatoka. Nilikuwa nalia kwa hasira, na jambo lililoniuma zaidi ni kwamba sikuweza kuamua kama ni mwongo. Mwongo angejua anadanganya. Huyu alikuwa amepanga maisha yake vyumba viwili, na mlango kati yao hakuwahi kuuweka.

Shija alirudi kazini. Nilimsihi asirudi, akaniambia nimtafutie kazi nyingine kwa shahada yangu. Wiki haikuisha akanipigia, nyuma yake kelele za watu.

"Dada, njoo umchukue bibi yako!"

"Bibi yupi?"

"Mwalimu! Amekuja na pikapu. Ameleta kabati la samaki porini!"

Nilipofika niliona kitu ambacho bado sijui nikipe jina gani. Tangi lilikuwa chini, kando ya mdomo wa duara, chini yake godoro alilolisafirishia. Halikuwa na maji wala samaki. Mwalimu, katika buti za mpira zilizomzidi, alikuwa amepiga magoti mbele yake. Wachimbaji walikaa kwenye vifusi kumzunguka, miili imejaa vumbi jeupe, wengine wanatafuna miwa, wanamtazama kama sinema. Shija alikuwa miongoni mwao na hakutaka kunitazama.

Ndani ya tangi alikuwa amemwaga mchanga kwanza. Juu ya mchanga alisimamisha vijiti kama matimba, vizuri, kwa mistari. Juu ya vijiti aliweka mawe yake makubwa ya kijivu, hadi karibu na ukingo. Kinyume cha yote aliyonifundisha.

"Hivi ndivyo mlivyopanga, au sivyo?" aliuliza.

"Ndivyo, bibi," msimamizi alijibu. Alikuwa kijana mnene mwenye tochi kichwani. "Lakini sisi si samaki."

Wakacheka.

"Samaki anawazidi," Mwalimu alisema. "Yeye anachimba akijua njia ya kukimbilia. Nipe kijiko."

Alianza kuchota mchanga chini ya vijiti, kijiko kimoja kimoja. Alimimina maji kidogo kutoka kwenye chupa, kama mvua. Akachota. Hakuna kilichotokea. Akachota tena. Mmoja aliinuka kwenda kukojoa. Msimamizi alitazama jua. Mimi, ningesema uongo nikisema vingine, nilikuwa nafikiri: halitaanguka, na likianguka ni mara moja tu, mara moja haithibitishi kitu. Mwalimu aliendelea kuchota, kwa uvumilivu wa dume lake.

Halikutoa onyo. Jiwe la juu lililala upande, lile la chini likaruka, na ukuta wa kioo ukapasuka wote kwa mlio kama wa baruti. Wanaume waliozoea baruti waliruka. Mmoja alianguka kifudifudi. Mchanga na vioo vilimwagika hadi kwenye buti za Mwalimu, na damu ikaanza kutiririka kwenye mkono wake, naye anautazama kama si wa kwake.

Alivua khanga kiunoni, akaufunga mkono.

"Kioo ni kioo," msimamizi alisema mwishowe. "Mwamba ni mwamba, bibi."

Na hilo lilikuwa kweli. Ningelisema mimi kama asingelisema yeye.

"Kweli," Mwalimu alisema. "Mimi sijui kama litaanguka. Na wewe hujui. Basi hashuki mtu, mpaka matimba yatolewe na yasimamishwe kwenye mwamba."

"Hiyo ni kazi ya mwezi! Na tutakula nini?"

"Sijui."

"Mwalimu," Shija alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyenyang'anywa sahani, "tumebakiza kidogo tu kufika kwenye mwamba wenye mali. Ukifunga leo watu wataingia maduara mengine. Wote."

"Nimesikia, mwanangu."

"Hujasikia! Ungesikia usingekuja na kabati la samaki. Ungekuja na magogo na chakula."

Mwalimu alivuka vioo, akaenda kwenye mbao zilizofunika mdomo wa duara, akaketi juu yake na mkono wake uliofungwa khanga. Kumwondoa kungehitaji kumgusa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumgusa mama wa umri ule. Alikaa pale jua linazunguka. Mmoja mmoja walichukua sululu zao na ndoo zao wakaondoka. Shija aliondoka katikati ya kundi. Hakutuaga.

Wachimbaji hawakurudi, na duara lilifukiwa kabla mvua hazijaisha. Kwa hiyo sina ushahidi. Halikuanguka juu ya mtu, na sitajua kamwe kama lingeanguka. Nimewahi kulala nikilifikiria hilo kama mtu anayekuna kidonda: alimwokoa kaka yangu, au alimfukuza tu kutoka shimo tulilolijua hadi shimo tusilolijua?

Sikwenda kwake kwa muda mrefu. Juzi, miezi mingi baadaye, mama alinipa tena michembe, akaniambia niache ujinga.

Sebule ilinishtua kwa ukubwa wake. Mahali pa tangi palikuwa na alama nne za kutu kwenye saruji. Mwalimu alikuwa amekonda, kovu limepita kwenye kiganja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kwanini. Kaka yako yuko wapi?"

"Duara jingine. Mbele ya pale palipokuwa lako."

"La nani?"

"Sijui. Hata yeye hamjui mwenyewe. Wanamjua msimamizi."

Alifumba macho. "Hamjui mwenyewe," alirudia. "Mimi angalau alinijua. Alijua pa kuja kunitukana." Kisha: "Matimba?"

"Nilimuuliza kwenye simu. Alisema nisimletee mambo ya samaki." Nilisita. "Halafu akasema ameyasukuma."

"Ameyasukuma?"

"Kabla ya kushuka. Alisema ameyasukuma, akakata simu. Sijui kama ni kweli au alitaka ninyamaze."

Aliinuka akanipeleka ua wa nyuma, chini ya paa la jiko. Palikuwa na pipa la plastiki la bluu, na maji yake yalikuwa meusi kama kahawa. Mrija wa pampu uliingia ndani na kutoa mapovu.

"Wengine walikufa nilipowahamisha," alisema. "Wengi."

"Waliobaki wamo?"

"Sijui. Tangu wiki iliyopita sijaona hata mmoja."

Nilimtazama. Nilitegemea atanirudishia msemo wangu, na hakunirudishia. Alikuwa anasubiri kitu kutoka kwangu.

"Uliwapangia mawe?"

"Kwa kupapasa. Kioo hakuna. Sasa napanga kama wanavyopanga wao kule chini, gizani." Akanikunjia mkono wa blauzi yeye mwenyewe, hadi juu ya kiwiko. "Mimi kiganja hiki hakihisi vizuri tena. Ingiza wako."

Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Nilishuka hadi bega, shavu langu likigusa ukingo wa pipa, nikafika kwenye jiwe. Nililipapasa: pana chini, jingine juu yake, mahali patatu. Nikafuata mguu wa jiwe hadi kwenye mchanga.

"Lisukume," alisema.

Nililisukuma kutoka kulia, nikalisukuma kutoka kushoto. Halikutikisika. Nilikuwa nimeanza kutoa mkono vidole viliposhuka ghafla ndani ya kitu ambacho hakikuwa jiwe wala mchanga. Lilikuwa shimo, dogo, la mviringo, kingo zake laini. Limechimbwa pembeni kabisa mwa jiwe, hadi chini.

"Mwalimu," nilisema. "Kuna duara."